Mjane Akacheka

...na kalamu yenyewe si yake, ni ya Eriya, kalamu ya wino yenye kifuniko cha kung'aa ambayo karani huyu wa stesheni huichomeka mfukoni mwa shati hata siku ya Jumapili, nayo sasa imo mkononi mwa Benedeta, nzito kuliko alivyodhani, ncha yake imesimama juu ya karatasi kiasi cha upana wa kidole, juu ya neno moja, na neno lenyewe ni akacheka, mjane akacheka, maneno mawili ya mwisho ya daftari la nne, aliyaandika kwa penseli halafu akayapitia kwa wino ili yasifutike, na Eriya ameinama begani pake ananukia sabuni, anasema, mama, piga laini moja tu, moja, halafu andika akalia, kwisha, nafunga hii vitabu nakwenda, basi ya saa kumi haingoji mtu... haingoji, ndiyo, limeshapiga honi mara moja kule stendi, kesho Eriya atakuwa ndani ya garimoshi la Nairobi na likizo yake na koti lake, na huko Nairobi ana shemeji anayechapa vitabu, na shemeji anatafuta hadithi za Kiswahili, zile za kuchekesha, na Eriya yu radhi kumfikishia madaftari manne ya Benedeta, mjane wa Oundo, yu radhi kabisa, kwa sharti moja, sharti la neno moja, na kwani neno ni nini, Benedeta, wewe fundi wa kugeuza kola, shati kuukuu linaingia hapa shingo imechakaa linatoka jipya na mwenyewe anashukuru, geuza na hili, ondoa kicheko tia kilio, mshono hautaonekana, nani atajua... nani atajua, ndilo swali, maana yeye atajua, na yuko mwingine mmoja ambaye angejua, lakini huyo amelala Masaba mwaka wa pili sasa, na udongo juu yake, na tangu wiki iliyopita, kama Phanuel anasema kweli, na saruji juu ya udongo.

Lakini Phanuel angoje kwanza, kila mtu na zamu yake, shemeji wa Benedeta huyo, mdogo wa marehemu mumewe, amekaa pale mlangoni kwenye kigoda, kofia magotini, hajagusa chai, na Metrine amekaa juu ya furushi la vitambaa karibu na cherehani, yeye chai amekwisha kunywa ya kwake na sasa anaiangalia ya Phanuel, na wote watatu wanaitazama ncha ya kalamu, ala, watu wazima watatu wanamtazama mwanamke ameshika kalamu utadhani ameshika nyoka... kosa ni lake mwenyewe, msiba wa kujitakia hauna kilio, nani alimtuma, fundi wa nguo hapa Busia, siku ambazo wateja hawaji angefuma vitambaa vya viti kama wenzake, yeye akaandika habari za maiti, maiti mmoja mrefu aliyefia ng'ambo ya Kenya akiwa na hamu ya kuzikwa kwao upande huu, wakafika naye mpakani kwenye ule mti wa kufungia barabara, na askari wa mle kitabuni akauliza, huyu ana barua, wakasema, bwana, huyu amekufa, askari akasema, sikuuliza hali yake, nimeuliza barua, basi maiti akaona haya mbele ya ndugu zake, akafungua kifuniko akashuka, akajipanga kwenye foleni pamoja na marehemu wengine, mmoja na kuku wake, mmoja na godoro, bibi kizee mmoja amekaa hapo tangu wakati wa vita vya Wajerumani na hataki mtu amruke, akapigwa muhuri kwenye paji la uso, akavuka, akanunua hindi la kuchoma, akafika kwake akakuta matanga yake mwenyewe yamechangamka, ndugu wanagombania kichwa cha ng'ombe, akakaa nyuma kwenye mkeka akawa anaangalia nani analia na nani anatafuna, na wale waliokuwa wanafanya yote mawili kwa pamoja akawavulia kofia, na hakuna aliyeshtuka kumwona, mtu yuko kwenye matanga yake na watu wanamwambia, sogea kidogo, mzee, tupitishe ugali.

Hapo ndipo Metrine alipokaribia kufa naye akaingia kwenye foleni, Metrine mwuza dagaa anayevuka kila asubuhi kutoka upande wa Kenya na karai kichwani, hajui kusoma, alisomewa yote manne kwenye veranda hii huku akimenya njugu, na alipofika pale pa sogea kidogo mzee akameza njugu na ganda lake, ikabidi apigwe mgongoni, akasema huku anakohoa, Benedeta, wewe una shetani, soma tena... na sasa yuleyule Metrine anasema, dada, mimi sisemi mjane asicheke, acheke, kwa nini asicheke, lakini si pale juu ya jeneza mbele ya watu, aende nyuma ya jikoni, kila mwanamke ana nyuma ya jikoni yake... ehe, nyuma ya jikoni, na wewe, Metrine, na wewe! Watu kumi na mmoja wamekisoma au kusomewa, na sheria ilikuwa ya Benedeta mwenyewe, anayeazima aandike maoni yake nyuma, aliona ni busara, fundi humvalisha mteja nguo kabla ya kukata uzi, basi wakaandika, asiyejua akaandikiwa, pale nyuma ya jalada walipochapa jedwali la kuzidisha, wakajibana mle katikati ya saba mara nane na saba mara tisa, Etyang seremala wa Rubongi ndiye wa kwanza, hati kubwa ya penseli ya mbao, "Jeneza la hapa limefunguka ovyo, misumari haitoshi, mimi sifanyi kazi namna hiyo," haya, umesikia, kitabu kizima amekiona kifuniko tu, halafu Abbo muuguzi, "Maiti hawezi kula mahindi ya kuchoma, meno anayo lakini mate hana," na kwamba anatembea na kupanga foleni hilo Abbo hakuliona, mate ndiyo yalimkera, halafu mwalimu Emong akatoa maksi, "Sita juu ya kumi. Hati safi. Mwisho mbaya," halafu mmoja ambaye hakuweka jina, "Huyu bwana mwandishi anajua sana mambo ya mpaka, lakini mke wangu asipewe," bwana mwandishi! Kwa sababu juu ya jalada aliandika B. Oundo tu, na hakuna aliyefikiri kwamba B inaweza kuvaa gauni... na wote hao, wenye misumari na wenye mate na wenye maksi, hawakupatana kwa jambo lolote ila moja, mjane asicheke, tisa waliandika hivyo, wa kumi akaandika mjane aolewe, na wa kumi na moja hakuandika kitu, alirudisha daftari na tone la mchuzi juu ya ukurasa wa mwisho, palepale, karibu na neno lenyewe, na Benedeta analitazama sasa tone lile, limekauka, lina ukingo wa manjano, na moyoni anamshukuru mtu yule kuliko wote, maana alikuwa anakula na hakuweza kukiweka chini.

Mama, anasema Eriya, unafikiri nini, ni neno moja... na anaeleza tena, kwa ule upole wa makarani, kwamba yeye anaipenda hii kitabu, ameisoma mara mbili, amecheka peke yake ndani ya ofisi mpaka mtu wa tikiti akachungulia, lakini watu wa Nairobi watasoma, watu wakubwa, na hii nchi ni mpya, mwaka wa nne tu tangu bendera, watasema wanawake ya hapa Bukedi iko namna gani, bwana anafukiwa, bibi anakaa juu ya sanduku anacheka, hapana, mama, si heshima, na Oundo alikuwa rafiki yangu... alikuwa rafiki yake, ndiyo, hilo si uongo, Oundo na bendera zake mbili, kijani garimoshi liende, nyekundu lisimame, miaka kumi na mmoja alisimama kwenye kokoto za stesheni ya Tororo chini ya ule mwamba, mrefu mpaka wapagazi wakamwita Mlingoti, na Eriya ndani ya dirisha akiandika saa, wawili hao walikuwa wakipigiana kelele za utani garimoshi lizima likiwasikia, na Oundo akirudi nyumbani anamsimulia Benedeta, kwa Kiswahili, maana yeye Msamia na Benedeta ni mtu wa Wadama, kila mmoja na lugha yake, mama mkwe wake alisema watalala bubu, hawakulala bubu, Kiswahili walichokutana nacho stesheni ndicho walichokitandika nyumbani, wakagombana nacho, wakapatana nacho, mtoto wao Kevina akakinyonya, na ndiyo maana kitabu ni cha Kiswahili, Eriya, si kwa ajili ya shemeji yako, ni kwa sababu vichekesho vya mtu yule havijui kusema lugha nyingine... na Eriya bado anasema, sauti imeshuka sasa, amegusa mahali anapodhani ni laini, anasema, na wewe mwenyewe, mama Kevina, mimi nilikuwa pale siku ile, nilikuona na macho yangu, ulilia mpaka mabega inatetemeka, wanawake watatu wakakushika, mpaka leo watu wanasema ile kilio, mimi siombi uongo, mama, naomba ukweli tu, andika ile niliona.

Ukweli! Lo, Eriya anaomba ukweli, na tone la wino limejaa mdomoni mwa kalamu na bado halijadondoka, maana siku ile, siku ile... Masaba, saa nane ya mchana, jua la kupasua kichwa, na watu wengi, reli nzima ilikuja, na jeneza la Etyang zuri kweli, misumari ya kutosha, refu kwa sababu mwenyewe mrefu, na kaburi walilichimba vijana wa ukoo tangu alfajiri kwa kipimo cha fimbo, ndivyo wanavyofanya, fimbo inakatwa sawasawa na jeneza, inapelekwa shambani, wachimbaji wanailaza chini wanachimba, na fimbo haiongopi, lakini fimbo ile iliongopa, nani ajuaye kwa nini, walipoteremsha jeneza kwa kamba kichwa kikaenda chini vizuri, na miguu ikabaki juu, imekaa ukingoni, jeneza limeinama namna ile limekwama, mwenye kusoma sala akasimama katikati ya neno na kidole juu ya mstari, na hapo Phanuel, ameshika kamba, jasho linamtoka, akainama karibu na kifuniko, akasema taratibu, kwa adabu, vile mdogo anavyosema na mkubwa wake, kaka, kunja miguu kidogo.

Kunja miguu kidogo... na nani kati yao wote aliyejua, nani, kwamba katika landhi za reli, vile vyumba vya wafanyakazi, kitanda kilikuwa cha serikali, kimepimwa kwa mtu mfupi, na miaka kumi na mmoja, kila walipolala, Benedeta alimwambia maneno hayohayo, kunja miguu, baba Kevina, unaniangusha, kunja miguu kidogo, na yeye kila mara alijibu jibu moja, kwa sauti ile ya stesheni, reli haikunjwi, mama, reli hunyooshwa, na walicheka kila mara, kichekesho kibovu, kimechakaa kuliko shati lolote lililowahi kuletwa kwenye meza hii, na walicheka kila mara, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, basi Phanuel alipotamka pale mbele ya watu Benedeta akangoja jibu, ndiyo, alingoja, kwa mazoea tu, na jibu likaja, si kwamba alilisikia, yeye si mwenda wazimu, lakini lilikuja mahali pake kwa saa yake, reli haikunjwi, mama, na kicheko kikampanda kutoka tumboni na hakukuwa na mlango wa kukizuia, akajifunika leso usoni, akaiuma, akaitafuna, mabega yakamtetemeka, machozi yakamtoka ya kicheko, na wanawake wakamdaka huku na huku, mama, utajiumiza, lia, lia, toa yote, naye akatoa yote ndani ya leso, na walipolitoa jeneza wakalichimbia tena yeye alikuwa bado anatoa, mpaka wazee wakatikisa vichwa wakasema, huyu alimpenda mumewe... na hivyo ndivyo alivyopata sifa, jamani, hivyo ndivyo, mpaka leo pale Masaba mjane akiwa na macho makavu anaambiwa, lia, mama, lia kama mama Kevina alivyolia, na mama Kevina mwenyewe akisikia hivyo anainamisha kichwa, watu wanadhani ni unyenyekevu, kumbe ni haya, amebeba sifa ya wizi miaka miwili, na daftari la nne aliliandika ili aitue, amwambie mtu, hata kama ni kwa mdomo wa mjane asiye na jina na marehemu mwenye muhuri usoni.

Na kulia alilia, Eriya, kama unataka kujua, lakini hukuwako, hakuna aliyekuwako, ilikuwa majuma matatu baadaye, mchana mweupe, alipokwenda landhi kurudisha funguo, akakaa kitandani kupumzika, akajilaza, akanyoosha miguu mpaka mwisho, na nafasi ikabaki... hilo ndilo lililomtoa machozi, nafasi, na hilo hakuliandika, kwa sababu lile ni lake, si kila kitu kinaazimwa, na sasa karani aliyesimama hatua nne kutoka kaburini anataka kumfundisha kipi alie na kipi acheke, kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, hivyo walisema wahenga, basi na kicheko je, hakina mwenyewe, kinaanzwa na jirani, kinaanzwa na shemeji wa Nairobi... honi tena, mara ya pili, Eriya anatazama saa yake, Metrine anasema, mwacheni mama wa watu afikirie, kwani basi hilo ni mali ya baba yenu, na mkono wake umekifikia kikombe cha Phanuel, anaanza kukinywa.

Mulamwa, anasema Phanuel kutoka mlangoni, ndivyo Wasamia wanavyomwita mke wa ndugu, na sauti yake imekwaruza, tangu aingie hajasema ila ile habari ya saruji, nayo aliitupa kwa haraka kama mtu anayelipa deni, na sasa anaianza upya, anasema, mulamwa, mimi si mtu ya kusoma sana, mimi na jembe, lakini ile mahali marehemu anakataa kulala, anatoa miguu inje ya kaburi, anasema mpaka mnipe futi mbili, na anauliza nani alikula fimbo yangu, na watu inasema fimbo ilienda kwa moto, chai ichemke... mulamwa, nani alikuambia ile... hakuna aliyeniambia, anataka kusema Benedeta, niliitunga, nilikuwa natia kifungo kwenye kaptula ya mtoto wa shule na fikira ikaja, fimbo haiwezi kufupika bure, ndugu walitaka chai, nikacheka peke yangu nikaandika, lakini Phanuel hamngoji, ameangalia chini kwenye kofia yake na anasema, ni mimi, ni mimi nilivunja, moto ilikuwa inazima, wageni ya reli inangoja chai, nikaona fimbo, nikavunja kipande kidogo, nikasema haidhuru, miaka mbili sijaambia mtu, sasa yeye amekuambia wewe, basi nilienda Tororo nikaleta saruji na baiskeli, nikachimba upande ya miguu, nikaongeza futi mbili, nimelainisha na mwiko mpaka inateleza, na kofia yake nimetundika kwa msalaba kwa sababu kwa kitabu anauliza kofia... sasa anaenea, mulamwa, mwambie anaenea, wewe ndiye anaongea na yeye, mwambie bibi asicheke, akicheka ni mimi anacheka... na Eriya anaguna, anasema, Phanuel, wee, hii ni hadithi, si barua ya marehemu, mtu anaongeza kaburi kwa sababu ya hadithi, na Phanuel anamtazama, mtu mzima mwenye saruji kwenye pindo la suruali, anasema, kama si barua, fimbo alijuaje.

Fimbo alijuaje... na Benedeta amemgeukia kwa macho tu, mkono haujasogea, kalamu iko palepale, amemgeukia kwa sababu watu kumi na mmoja wamesoma, wakahesabu misumari, wakapima mate, wakatoa maksi, na mmoja tu alisoma akashika jembe, mmoja tu aliyeamini kwamba mtu aliyelala mle kwenye kurasa anabanwa kweli na anaweza kusaidiwa, kaburi limerefushwa kwa ajili ya kitabu, enyi watu, shemeji wa Nairobi ana nini cha kumpa kinachozidi hicho, na huyu Phanuel, maskini, amekaa miaka miwili na kipande cha fimbo rohoni, kama yeye alivyokaa na leso, wawili wamekaa kwenye mkeka mmoja wa matanga kila mwaka wakikwepana macho, huyu akidhani amemdhulumu marehemu na yule akidhani amemcheka, na kumbe ni kitu kimoja, Phanuel, wewe ulivunja fimbo, fimbo ikafupisha kaburi, kaburi likakamata jeneza, jeneza likakutoa neno, na neno lile, kunja miguu kidogo, ndilo jambo jema kuliko yote yaliyosemwa siku ile, sala zilikuwako, hotuba ya mkubwa wa reli ilikuwako, hakuna aliyemsemesha yule mtu mrefu ila wewe, wewe ndiye uliyemwita akaitika, na mimi nikacheka kwa sababu aliitika... akicheka ni mimi anacheka, hapana, baba, nitakueleza, basi likishaondoka na vumbi lake nitakuketisha hapa nikueleze kitanda na yote, lakini kwanza hili neno.

Kwa maana neno sasa analiona, kwa mara ya kwanza tangu aliandike analiona bila haya, akacheka, limekaa pale na tone la mchuzi pembeni, na kumbe si ufisadi wa kuondoshwa, si ulimi wa mjane mkorofi, ni kilio chenyewe, ni kile walichokishangilia Masaba bila kujua jina lake, hawakukosea wale wanawake watatu, walishika mtu anayeomboleza, na Benedeta hakuiba sifa yoyote, sifa ni yake, ameistahili, alie namna gani tena mtu aliyepoteza kitanda kizima cha vichekesho... na huyo mjane wa kitabuni, akae juu ya kifuniko, akae kabisa, amwambie marehemu lala, mimi nimechoka, na acheke mbele ya ukoo, mbele ya askari wa mpaka, mbele ya yule bibi kizee wa Wajerumani, asiende nyuma ya jikoni, Metrine, nyuma ya jikoni tumekwenda vya kutosha, kuku wanatujua kwa majina, na Eriya achukue madaftari manne kama yalivyo au ayaache kama yalivyo, koti lake ni lake na shemeji yake ni wake, akiyaacha Benedeta atayashona pamoja kwa uzi wa magunia, jalada la kaki, yatakwenda Malaba, yatakwenda Rubongi kwa wahesabu misumari, yatalowa mchuzi wa watu wengine, na jedwali la kuzidisha likijaa atabandika karatasi, wasemao waseme, wakizidi kusema lipo daftari la tano, na mle ndani ataweka karani mmoja mwenye kalamu ya kung'aa anayezunguka matanga akiwaomba wafiwa sahihi kwamba wamelia.

Mama, anasema Eriya, honi ya tatu, sasa ni sasa, mama, piga laini... na kalamu iko palepale juu ya neno, upana wa kidole, tone la wino bado limening'inia halidondoki, Phanuel na kofia yake, Metrine na kikombe kisicho chake, jua la saa kumi mlangoni, kila kitu kama kilivyokuwa, ila tumboni mwa Benedeta kimeanza, anakijua, hakijabadilika hata chembe kwa miaka miwili, kinapanda taratibu na kwa saa yake, garimoshi limeoneshwa kijani, mabega yameanza, Metrine ameona, anaita, jamani, analia, mshikeni, na Phanuel amesimama, na mkono wa kushoto wa Benedeta unatafuta leso kwa mazoea, begani haipo, mapajani haipo, na ndipo anakumbuka kwamba iko chini yake, ameikalia, naye hainuki kuitwaa.